Viti Arobaini na Makopo Matatu

Februari 3

Dada,

Ndiyo, viti. Umesikia vizuri. Dereva wa lori la shule yenu amenifikishia swali lako likiwa bado la moto: "Huyo mdogo wangu anataka viti vya nini, ana wageni?" Shikamoo kwanza, halafu nikujibu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu sheria yako naijua, mambo ya pesa na mimi ni kwa barua tu. Tangu nikuuzie kwa simu ile mashine ya juisi isiyokuwa na mota, ukipiga Jumapili unaongea na Mama peke yake, na ukinisikia nakohoa nyuma yake unakata. Sikulaumu. Ningekuwa wewe hata barua nisingefungua.

Nyumbani wazima. Goti la Mama linauma sana akitajiwa daktari, akitajiwa kanisa linapona. Mimi sijambo, nimenenepa mdomo tu.

Sasa sikia. Unamkumbuka Mzee wa Viti, yule ninayemsukumia mkokoteni. Harusi, msiba, mkutano, sisi ndio tunapeleka viti, na sisi ndio tunavirudisha tukifuta keki na machozi. Viti themanini vya plastiki, vyeupe, vina migongo imara. Basi mzee anapumzika! Mwisho wa mwaka anahamia kwa binti yake, na viti vyote anauza. Ameniambia, "Redio, nakupa nafasi wewe kwanza. Ukishindwa, mwenye duka la jumla pale kona anavitaka." Nilitaka kuruka, nikakumbuka nimebeba viti sita kichwani.

Mwenye duka akivichukua, ana vijana wake. Mimi nabaki na viatu vyangu vya mitumba pale kituo cha mabasi, nagombana na vumbi. Nikivichukua mimi, Dada, nitakuwa mtu wa kuulizwa "bei yako ni ngapi bosi?" badala ya kuambiwa "we, sogeza hivyo."

Pesa sina. Lakini kuna jamaa wa mikopo wamefungua ofisi yenye feni, wanasema leta mdhamini mwenye mshahara, unaondoka na pesa leo leo. Nimepekua ukoo mzima. Mwenye mshahara ni mmoja, mpishi mkuu wa shule ya bweni. Sahihi moja tu, Dada. Kalamu nitakuletea mimi.

Mdogo wako,
Redio


Februari 19

Redio,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli, nimeisoma mara mbili nikiwa nachambua maharage. Shule imefunguliwa, watoto mia nne wanakula kama waliofunguliwa jela. Nyumba yangu nimeiezeka nusu, mabati ya nusu nyingine nitanunua mwezi wa nne nikijaliwa. Mwambie Mama daktari wa goti hang'ati.

Sahihi siweki. Usiniombe mara ya pili, na usiniulize kwa nini.

Lakini viti nimevipenda, kwa hiyo usinune. Kitu cha kwanza ujue ni kwamba pesa unayoshika si yako. Umeachiwa uitunze, na Mwenyewe atauliza. Mimi stoo ya shule naingia kila siku, magunia yamenizunguka, lakini hakuna siku nimejidanganya kwamba ule unga ni wangu. Mfuko wako ni hivyo hivyo. Ukilielewa hilo, mengine ni makopo tu.

Tafuta makopo matatu. Moja la Mungu, moja la kesho, moja la leo. Pesa ikiingia, hata iwe ya kamba za viatu, kaa chini uigawe kabla hujasimama. Anza na la Mungu, fungu la kumi bila kupunja. Si kwamba Yeye ana njaa. Ni kwamba wewe ni msahaulifu. La kesho halifunguliwi, hata ukiota ndoto. La leo likiisha, ujue na leo imeisha, kunywa maji ulale.

Ukifikisha pesa ya viti arobaini kwa jasho lako kabla ya mwisho wa mwaka, bila kukopa hata kwa Mama, vile arobaini vingine nitanunua mimi. Nina akiba yangu ya miaka ya kukoroga uji. Tutakuwa washirika, wewe na mimi.

Dada yako


Machi 10

Mshirika wangu!

Shikamoo mshirika! Nimesoma barua yako kituoni kwa sauti, muuza maji akaniuliza nimeshinda bahati nasibu? Nikamwambia bahati nasibu ni ya wasio na dada.

Makopo nimepata matatu, yalikuwa ya rangi, nimeyasugua mpaka yanang'aa. La kesho nimempa Mama alikalishe chini ya kitanda chake, maana mimi najijua. Juzi nilimwendea kwa upole.

"Mama, naomba lile kopo nilihesabu."

"Lihesabu ukiwa hapo hapo mlangoni."

"Mama, mtu anahesabuje kwa mbali?"

"Kama unavyohesabu watu waliovaa viatu vizuri kanisani wakati wa maombi. Toka."

Nimegundua njia, Dada. Kuhesabu pesa kunanitia usingizi, sasa nahesabu viti. Soda moja ni mguu wa kiti. Kunyoa kwa kinyozi wa kioo kikubwa ni mgongo mzima. Siku nikiuza viatu vitatu nasema leo nimepata kiti na mkono. Rafiki zangu wakiniita twende tukanywe soda nawaambia, "Nyie mnataka kunikata mguu?" Wameshaanza kunikwepa, na hiyo nayo ni faida. Mpaka sasa nina viti saba, na havijavunjika.

Ila kuna jambo. Usikasirike. Jumapili iliyopita mchungaji alisimama akasema ukuta wa mbele wa kanisa unabanduka, nani ataguswa kununua hata kopo moja la rangi? Kwaya ilikuwa imetoka kuimba vizuri sana, Dada, vizuri kupita kiasi. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikajisikia nasema, "Ukuta wote! Rangi na fundi, juu yangu!" Kanisa zima likapiga makofi. Mama peke yake hakupiga. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria inayofurika.

Nimeuliza bei. Ukuta wote ni viti kumi na tano. Sasa nauliza, kwa kuwa ni ya Mungu, naruhusiwa kufungua kopo la kesho? Au nipite kwa wale wenye feni, kidogo tu?

Redio, mshirika mdogo


Aprili 2

Redio,

Marahaba. Mimi mzima. Shule inafunga wiki ijayo, masufuria yatapumzika na mimi pia.

Unakumbuka yule mtu Bwana aliyemsema, aliyetaka kujenga mnara bila kukaa chini kwanza apige hesabu? Akaishia kwenye msingi, wapita njia wakamcheka. Sasa wewe hata msingi huna, una makofi tu. Na makofi ndiyo yalikuwa malipo yako, umeshalipwa.

Kopo la kesho usiliguse. Na usithubutu kukopa ili umpe Mungu. Mungu hakuomba pesa za wenye feni. Yule mjane wa senti mbili alitoa vilivyokuwa mkononi mwake, hakwenda kwanza kwa jirani kuazima ili aonekane.

Nenda kwa mweka hazina wa kanisa kwa miguu yako kabla yeye hajakufuata. Mwambie ukweli. Anayejificha, deni lake hukua.

Mabati bado. Nitakuambia.

Dada yako


Mei 14

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda! Nilizunguka nyumba ya mweka hazina mpaka mbwa wake akanizoea. Mwisho nikaingia. Yule mama anavaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazama. Nikamwambia, akavua ya kusomea.

"Redio, kwa hiyo huna?"

"Sina, mama. Nina pesa ya kopo moja la rangi, imo kwenye fungu langu la kumi. Na nina mikono."

"Mikono inajua kupaka?"

"Inajua kusukuma mkokoteni. Brashi ni nyepesi zaidi."

Akacheka mpaka akavaa miwani zote. Kumbe wengine watatu nao walishaleta rangi kimya kimya, hawakupigiwa makofi na mtu. Nimepaka mimi, Jumamosi mbili. Kona ya juu kushoto imejikunja kidogo, ukikaa mbele upande wa wanaume utaiona. Mimi nimehamia hapo mbele niione kila Jumapili, nisisahau mkono wangu.

Jambo lingine la ajabu. Siku hizi mteja akiuliza kiatu nasema ukweli. Jana mama mmoja kapenda kiatu chekundu, anakizungusha, anakinusa. Nikamwambia, "Mama, hiki soli imepasuka hapa ndani, nimeibandika kwa gundi." Akakiweka chini akaenda zake. Hajarudi, Dada! Nilidhani kwenye hadithi kama hizi huwa wanarudi na mume na kununua viwili. Wapi. Lakini leo nilipomwona anapita sikujificha nyuma ya mwavuli, na zamani nusu ya siku yangu ilikuwa kazi ya kujificha. Muda huo sasa nauza. Nina viti kumi na tisa!

Mzee wa Viti ameanza kuniuliza, "Na huyo dada yako ni wa kweli au ni wa maneno yako?" Nimemwambia subiri umwone.

Mabati umepaka rangi gani?

Redio


Julai 6

Dada,

Shikamoo tena, na hii ni shikamoo ya pili bila marahaba. Dereva amekuja mara mbili kuchukua unga, mara mbili namkimbilia, mara mbili ananionyesha mikono mitupu kama mtu anayekaguliwa. Nikamuuliza, "Mzima lakini?" Akasema, "Mzima, ila siku hizi hanitanii."

Mama anasema Jumapili mbili hujampigia. Hajalalamika, amesema tu huku akifuta simu kwa kanga.

Mimi naendelea. Viti ishirini na saba, msimu wa harusi umeniinua. Nilimbebea bwana harusi mmoja viti, jasho lake na langu lilikuwa sawa, ila yeye alikuwa amekopa suti. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anaogopa kukaa.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza. Nimezoea, nakosa.

Redio


Agosti 11

Redio,

Marahaba. Nisamehe, kazi nyingi. Mwambie Mama simu yangu ilikuwa mbovu. Karatasi hii upande wa pili ni ratiba ya chakula ya muhula uliopita, usiijali, nimeishiwa daftari.

Mimi sijambo. Nimeacha sukari kwenye chai, ni vizuri kwa afya. Mabati yanaweza kusubiri, mvua yenyewe haijulikani.

Nimefurahi kwa viti ishirini na saba, nimefurahi sana. Lakini nimefikiria, pengine mwaka huu ni mapema. Mzee anaweza kungoja mwaka ujao? Labda uongeze masharti kidogo, ufikishe hamsini kwanza. Mtu asikimbilie.

Halafu niambie kitu. Yule mweka hazina, ulimwambiaje hasa? Ulianza na neno gani? Niandikie maneno yenyewe, kama yalivyokuwa.

Dada yako


Agosti 29

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sitanii sana, kidogo tu.

Maneno yenyewe ni haya. Nilisema, "Mama, niliahidi zaidi ya nilichonacho. Nilichonacho ndicho hiki." Basi. Halafu nikafunga mdomo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Sasa na mimi nikuulize. Mimi ni muuza viatu, natazama mtu anavyokanyaga. Wewe unakanyaga kwa upande mmoja. Mabati mwezi wa nne, mabati bado, mabati yasubiri. Sukari uliyokuwa unaweka vijiko vinne, leo ni afya. Simu mbovu, na Mama hujampigia. Viti arobaini vimekuwa hamsini baada ya mimi kukaribia. Na mtu asiyekuwa na deni haulizi maneno ya kumwambia anayemdai, Dada. Haulizi ulianza na neno gani.

Sitaki kujua ni kiasi gani. Nataka tu usiwe peke yako huko na watoto mia nne.

Viti thelathini na mbili. Kopo la leo limeisha, nakunywa maji nalala.

Redio


Septemba 30

Mdogo wangu,

Marahaba.

Niliahidi zaidi ya nilichonacho. Nilichonacho ndicho hiki.

Mwaka jana mtunza stoo wetu, mwenzangu wa miaka sita, tuliyekuwa tunaomba naye kabla ya kuwasha moto, alikuja na karatasi ya mkopo wa benki. Alisema ni ya kumtibu mume wake. Akalia. Nikaweka sahihi, sikusoma hata nusu, na maandiko yanayokataza mtu kujifunga kwa deni la mwingine nilikuwa nayajua tangu nikiwa mtoto. Ulipoomba sahihi mwezi wa pili, alikuwa bado analipa ila kwa kuchelewa, na mimi nilishaanza kukosa usingizi. Ndiyo maana nilikujibu vile.

Shule ilipofunga mwezi wa nne aliondoka. Hakurudi, namba haipatikani. Benki imenigeukia mimi. Ile akiba ya uji imekwenda yote, na bado wanakata mshahara wangu kila mwezi, na wataendelea mwaka mzima ujao.

Sikukuambia kwa aibu. Mimi ndiye niliyekufundisha makopo. Nilikuwa nakuandikia "usikope", na kila ulipoongeza kiti nilifurahi nikaumia. Huyo mwanamke namsamehe asubuhi, mchana naingia stoo naona kiti chake, nakasirika upya. Jioni naanza tena.

Nilikwenda benki na maneno yako. Niliyasema kama ulivyoandika, nikanyamaza. Kijana wa mikopo pale akapunguza kiasi cha kila mwezi ili nibaki na cha kula. Kwa hiyo asante. Yanafanya kazi.

Lakini viti arobaini vyangu havipo, Redio. Nimekuvunjia nafasi yako. Mwambie Mzee amuuzie mwenye duka.

Dada yako


Novemba 9

Dada, mshirika, mpishi mkuu wa watoto mia nne na wa mdogo mmoja,

Shikamoo! Kaa chini kwanza. Kama unachambua maharage, weka pembeni, yasije yakamwagika.

Mama nimemwambia, nisamehe, nisingeweza kubeba peke yangu. Akasema, "Mwambie mimi na baba yenu tuliwahi kuweka sahihi kwa ajili ya ng'ombe tusiyemwona." Hilo hata mimi nilikuwa silijui! Kumbe ni ukoo, Dada. Wengine wanarithi mashamba, sisi tumerithi kalamu.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita nimefikisha arobaini! Mama alilitoa kopo mwenyewe, akalibeba mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, akasali juu yake kwa kirefu mpaka nikaanza kuogopa atalirudisha. Nikaenda kwa Mzee wa Viti. Nikasema, "Mzee, niliahidi themanini. Nilichonacho ni arobaini." Nikanyamaza. Mzee akanishika paji la uso.

"Redio, umeongea kifupi. Unaumwa?"

"Siumwi, mzee."

"Na ile pesa ya dada?"

"Dada anajenga. Ana shughuli nyingine ya kumaliza kwanza."

"Kwa hiyo unataka nikukopeshe arobaini vingine?"

Dada, aliweka mezani! Mwenyewe! Nyoka wa Edeni hakuwa na kauli tamu hivyo. Nikafumba macho, nikaiona ile kona ya ukuta iliyojikunja, nikasema, "Hapana mzee. Niuzie nusu. Nusu nyingine mpe mwenye duka." Akakubali! Akaniachia na mkokoteni bure, eti magurudumu yake yameshanizoea. Mwenye duka amenicheka kona nzima ikasikia, "Redio na nusu ya biashara!" Na aseme. Vyangu vyote arobaini nikivikalia usiku kimoja kimoja, hakuna hata kimoja kitakachoniuliza nitalipa lini.

Sasa fungua masikio. Juzi kaja mama mmoja, binti yake anaolewa Jumamosi ya pili baada ya shule kufunga. Kakodi viti vyote arobaini. Halafu akauliza kile wanachouliza wote, na ambacho miaka yote tumekuwa tukiwaelekeza kwa watu wengine: "Na chakula je, kipo?" Dada, mdomo wangu ulishafunguka. Neno "kipo" lilikuwa limekaa kwenye ulimi na viatu limeshavaa. Nikalimeza! Nikasema, "Mama, mwenye chakula siyo mimi. Nipe siku chache nimuulize." Hujaamini? Na mimi sijaamini bado.

Basi nakuuliza. Mimi nina viti. Mtu akishakaa, njaa inamjia yenyewe. Wewe unalisha watu mia nne kila siku, hao wageni arobaini kwako ni kama kuonja chumvi. Masufuria mawili makubwa ya Mama yapo chini ya meza, anasema hayatoki bila na yeye kuwa na kopo lake, mtajadiliana wenyewe wanawake. Njoo likizo hii. Tupike, tukalishe.

Na makubaliano ni haya, yasome polepole, sikuuzii kitu kwa simu. Kati ya viti vyangu, kumi vinafanya kazi kwa ajili yako. Kodi yake yote, baada ya kutoa ya Mungu, inakwenda benki mpaka jina lako litoke kwenye ile karatasi. Pesa ya chakula ni yako na masufuria, igawe kwenye makopo yako matatu kama ulivyonifundisha. Usiniambie ni sadaka, sikupi sadaka, nakupa kazi. Nakutoza pia. Malipo yangu ni kwamba siku hiyo hiyo deni litakapoisha, viti kumi vinarudi kwangu, na wewe unaanza kununua vya kwako taratibu, mpaka vile arobaini vyako vitimie. Sijavisahau. Ahadi yako sijaifuta, nimeisogeza tu mbele.

Wewe hutamwekea mtu sahihi tena, hata mimi, hata nikilia. Hasa nikilia. Na mimi sitainua mkono kanisani kabla sijakutazama. Kila mwisho wa mwezi tunafunua makopo mezani, yako na yangu, Mama akiwa shahidi, hakuna wa kusema simu mbovu. Na yule mwanamke wa stoo, tutamwombea wote jioni, ili wewe usimsamehe peke yako kila siku. Ni kazi nzito kwa mtu mmoja.

Sharti la mwisho, na hili sibembelezi. Ukikubali, usiandike barua. Dereva anarudi huku baada ya wiki mbili, na yule mama wa harusi hawezi kungoja lori la unga.

Nipigie simu, Dada. Mimi, siyo Mama. Nimeiweka kwenye chaji, nimeifuta vumbi, na nimemwomba Mama akae mbali asije akaipokea yeye. Ikilia nitasema "shikamoo" tu, halafu nitanyamaza nikusikilize.

Redio